Kifua gani? Pumu, mafua na baridi ya Julai

Jioni moja ya Julai nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, Moshi mjini. Mbele yangu alisimama mama aliyejifunga kitenge juu ya sweta, mtoto mgongoni. Akasema, "Naomba dawa ya kifua." Muuzaji akamuuliza, "Kifua gani, mama?" Yule mama akamwangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Kifua tu. Anakohoa." Akapewa chupa ya dawa ya maji, na kwa kuwa aliomba mwenyewe, akaongezewa na antibayotiki. Alipogeuka kuondoka, mtoto akapita karibu na sikio langu. Kifua chake kilikuwa kinalia, ule mluzi mwembamba unaosikika mtu anapotoa pumzi. Mluzi ule naufahamu, nimeishi nao tangu darasa la pili.

Swali la muuzaji lilikuwa zuri, ila aliliacha njiani. Tumelibebesha neno moja, kifua, mizigo mingi mno. "Ana kifua" inaweza kuwa mafua yaliyoshuka, pumu, nimonia, kifua kikuu, au kikohozi tu cha moshi wa kuni. Baridi ikishaingia Moshi na Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, mwenye pumu anapata ushauri kutoka kila upande: vaa sweta, piga nyungu, kunywa tangawizi, meza antibayotiki, pampu ya kuvuta dawa usiiguse utaizoea. Ushauri mwingine una ukweli nusu, mwingine una hatari kamili, na yote inatolewa kwa upendo, jambo linalofanya iwe vigumu kuukataa.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa pumu wa miaka mingi, na haya ninayoandika nimefundishwa na madaktari na manesi, mengine nimeyasoma baada ya kuchoka kulazwa.

Majina kwanza

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Koo la hewa likishaingia kifuani linagawanyika kama mti uliopinduliwa: shina, matawi makubwa, matawi madogo, mpaka kwenye vifuko vidogo sana ambako damu inachukua oksijeni. Kwa mwenye pumu, utando laini wa ndani ya matawi hayo una uvimbe kiasi, mara nyingi hata siku anazojiona mzima kabisa. Misuli inayoyazunguka nayo ina hasira za karibu. Ikikutana na moshi, vumbi, manyoya ya paka, hewa baridi au virusi, inabana. Halafu makamasi mazito yanajaza nafasi iliyobaki. Uvimbe, kubana na makamasi vikija pamoja, ndipo tunasema pumu imembana mtu. Pumu haiambukizi. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja, huipati.

Mafua ni kitu kingine. Yanaletwa na virusi, na kinachoongoza kwa kuleta mafua ya kawaida kinaitwa rinovirusi. Kina aina zaidi ya 100, ndiyo maana mtu anaweza kuugua mafua Mei, akapona, akaugua tena Juni. Influenza ni ukoo mwingine wa virusi: inakuangusha ghafla, homa juu, mwili mzima unauma. Mtaani yote tunaita mafua, na kwa mwenye pumu yote mawili yanaweza kuamsha shambulio.

Nimonia, ambayo wazee wengi wanaiita vichomi, inashambulia chini kabisa, kwenye vile vifuko. Mtoto mwenye nimonia anapumua harakaharaka, mara nyingi na homa. Kifua kikuu ni cha bakteria, kinakwenda polepole: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda. Sisi wa Kilimanjaro tuna Kibong'oto kule Siha, iliyoanza kutibu kifua kikuu mwaka 1926, kwa hiyo ugonjwa huu si habari ngeni kwetu. Mwenye pumu naye anaweza kuupata. Kikohozi kikizidi wiki mbili, usiseme "ni pumu yangu tu". Peleka makohozi yakapimwe, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.

Mfereji wenye tope

Wageni wakipanda Kibosho au Marangu wanashangaa mifereji ya maji inavyopita migombani, mingine ilichimbwa na mababu wa mababu zetu. Ile ndiyo mifongo. Yeyote aliyekulia kule anajua zamu ya kusafisha mfongo ilivyo. Mwaka mzima tope linajikusanya chini, kidogokidogo. Maji bado yanapita, kwa hiyo hakuna anayehangaika nalo. Siku mvua kubwa inashusha majani na matawi kutoka juu, mfongo uliosafishwa unayapitisha, maisha yanaendelea. Ule wenye tope unaziba palepale, maji yanaingia shambani kwa jirani, kesho yake kuna kikao. Na kwenye kikao hicho hakuna anayeilaumu mvua. Anaulizwa mwenye zamu.

Kwenye pumu sisi tunailaumu mvua. Tunasema mafua yamembana, baridi imembana. Tope la mwaka mzima, yaani ule uvimbe usiouma wala kuonekana, hatulitaji.

Hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyodhani. Bomba likipungua upana na kubaki nusu, ugumu wa kupitisha kitu ndani yake hauongezeki mara mbili. Wanafizikia wanasema kwenye mtiririko mtulivu unaongezeka mara 16. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba tangu mwanzo. Ikishakuwa na uvimbe, ongezeko dogo tu linalotokana na mafua linatosha kumfanya akae wima usiku kucha, mabega yamepanda, akivuta hewa kama anayevuta kamba ya kisima.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi moja ninayoipenda kwa sababu ni rahisi kuielewa. Walifuatilia jozi 76 za watu wanaoishi nyumba moja kama wenza, mmoja ana pumu na mwingine hana. Wote wawili walipata rinovirusi kwa kiwango kinachokaribiana. Tofauti ilikuwa kule virusi vilikoishia. Kwa asiye na pumu, mafua mara nyingi yalibaki puani na kooni. Kwa mwenye pumu yalishuka kifuani mara nyingi zaidi, yakawa makali zaidi na yakakaa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo mwenye pumu hapati mafua mengi kuliko jirani yake. Mafua yaleyale yanamkuta na mfereji ambao una tope. Wakati wa UVIKO-19 ilionekana hivyohivyo: wenye pumu iliyotulia hawakuwa kwenye hatari kubwa kama tulivyoogopa mwanzoni, waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao pumu yao ilikuwa haijadhibitiwa, wanaoishia kumeza vidonge vya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, kila mara. Hilo ndilo ningependa yule mama aambiwe pale dirishani. Kinga ya mafua kwa mwenye pumu inaanza miezi kabla ya mafua, kwenye kuondoa tope.

Pampu mbili, kazi mbili

Wengi wetu tunajua pampu moja, ile ya bluu, yenye salbutamoli. Inalegeza misuli iliyobana, dakika chache tu mtu anarudi kwenye mazungumzo. Ni dawa ya ajabu na imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini uvimbe haiugusi. Ni sawa na kumpanulia mtu mlango wakati chumba kinazidi kujaa.

Dawa ya uvimbe ni nyingine. Mara nyingi pampu yake ni ya kahawia na ndani kuna beklometasoni, au ni ya rangi nyingine yenye budesonidi. Usitegemee rangi sana, viwanda vinabadilisha, soma jina. Hii haifungui kifua papo hapo. Ukiivuta leo hutahisi kitu, ukiivuta kesho hutahisi kitu, na hapo ndipo watu wengi wanaiacha, maana nani anataka kulipia dawa asiyoihisi? Kazi yake inaonekana baada ya siku na wiki, kwa mambo ambayo hayakutokea: hukuamka usiku, hukusimama katikati ya ngazi, mafua yalikuja na kuondoka bila kukupeleka hospitali. Ipo pia pampu inayochanganya budesonidi na formoteroli, inayotuliza uvimbe na kufungua njia kwa pamoja.

Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, lilibadilisha msimamo uliodumu miongo mingi. Likasema mtu wa miaka 12 na kuendelea asitibiwe tena kwa pampu ya bluu peke yake, lazima awe na dawa ya uvimbe kwa namna moja au nyingine. Habari hiyo haijafika kila dirisha la duka la dawa. Ya bluu utaipata kirahisi, ya uvimbe mara nyingi unaitafuta kwa miguu na kwa bei. Hilo ni tatizo la kweli na sitalifunika kwa maneno matamu. Ila ukienda kliniki, iulizie kwa jina. Daktari aliyekuandikia ya bluu tu kwa miaka mitano anaweza kuwa anasubiri wewe uulize.

Kipimo cha haraka cha nyumbani: pampu ya bluu ya kawaida ina mipuliko 200. Ukimaliza pampu tatu au zaidi kwa mwaka, uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Ukifika moja kila mwezi, hatari inayozungumzwa ni ya kifo. Mimi naandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe niliyoifungua, juu ya chupa yenyewe. Ile mbinu ya kuitumbukiza kichupa kwenye bakuli la maji uone kama kinaelea au kinazama, iache. Haiaminiki, na inaweza kuziba tundu.

Kuhusu kuizoea: hakuna uraibu hapa. Anayehitaji pampu ya bluu kila siku hajazoea dawa, pumu yake haijadhibitiwa. Mikono kutetemeka kidogo na moyo kudunda ni kawaida ya salbutamoli, na vinapita. Dawa iliyo kwenye pampu ya uvimbe ni steroidi, na neno hilo nalo linatisha kwa sababu watu wanafikiria wanyanyua vyuma. Hizi si zile. Kipimo chenyewe pia ni kidogo. Mpuliko mmoja wa beklometasoni unaweza kuwa na maikrogramu 100, wakati kidonge kimoja cha prednisoloni, steroidi ya kumeza, cha miligramu 5 ni maikrogramu 5,000 zinazopita mwili mzima. Anayeogopa pampu na kuishia kumeza vidonge kila anapobanwa amekimbia mvua akaingia mtoni. Suuza mdomo na uteme maji baada ya kuvuta ile ya uvimbe, usipate fangasi mdomoni. Basi.

Kasoro kubwa ninayoiona ni namna ya kuvuta. Mtu anapuliza mdomoni kama anapaka manukato, dawa inaishia kwenye ulimi. Tikisa, toa pumzi, ziba midomo vizuri, bonyeza huku ukivuta taratibu, zuia pumzi hadi ukihesabu kumi. Mtoto hawezi hayo, na mtu mzima aliyebanwa hawezi pia. Ndiyo maana kuna spesa, chupa inayokaa kati ya pampu na mdomo. Ukiikosa, chupa ya maji ya nusu lita inatosha: toboa tundu kitakoni linalobana mdomo wa pampu sawasawa, ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Mtoto anaweka mdomo penye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua kawaida mara tano au sita. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walilinganisha chupa ya namna hiyo na spesa ya kiwandani kwa watoto waliobanwa. Ilifanya kazi sawa.

Bibi yuko nusu sahihi

Kuhusu baridi na sweta, naomba tusimcheke bibi. Baridi haizai virusi, mtu hapati mafua kwa kutoka nje bila sweta kama hakuna kirusi cha kumwingia. Lakini hewa baridi na kavu inabana njia za hewa za mwenye pumu moja kwa moja, bila mafua yoyote. Asubuhi ya Julai Ngaramtoni, pale ukungu wa Meru unapokaa barabarani, skafu puani inasaidia kwa sababu hewa inapata joto kabla haijashuka kifuani. Sweta tatu kifuani zenyewe hazifanyi hivyo, ila zinampa mtoto joto, si vibaya.

Baridi ina kosa la pili. Inatufanya tufunge madirisha. Daladala ya asubuhi imejaa, kioo kimefungwa mpaka kinatoa jasho, abiria mmoja anapiga chafya, na anayejaribu kufungua dirisha anafokewa na gari zima. Mimi nimefokewa mara nyingi. Sasa nakaa dirishani mapema na kulifungua vidole viwili kabla gari halijajaa, ukimya wa wengi unahesabika kama ruhusa.

Nyungu ni suala jingine. Mwaka 2020 kila ua ulikuwa na sufuria ya mkaratusi na mchaichai. Mvuke unaweza kulainisha pua iliyoziba, lakini hauui virusi vilivyo ndani ya mwili wala hauondoi uvimbe wa pumu. Harufu kali ya mkaratusi inaweza kumbana mwenye pumu akiwa bado chini ya blanketi, na watoto wameungua maji ya moto kwa namna hiyo. Tangawizi, asali na limau havina ugomvi na mtu, vinatuliza koo. Asali tu asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja.

Na antibayotiki? Inaua bakteria. Mafua, na mashambulio mengi ya pumu yanayofuata mafua, yanatokana na virusi. Kumeza amoksilini hapo ni kumtuma mgambo wa soko akamkamate mwizi wa mtandaoni. Makamasi ya njano au ya kijani peke yake si ushahidi wa bakteria. Daktari akishapima na kuona nimonia, hapo ni habari nyingine, meza dozi yote. Ninachokiogopa zaidi kuliko zile shilingi zilizopotea ni siku tatu za kusubiri dawa isiyofanya kazi, wakati mfereji unaendelea kuziba.

Tahadhari moja ya haraka: baadhi ya wenye pumu wanabanwa na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, na dawa nyingine za mafua za kuchanganya zina mojawapo ndani. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ni salama kwa wengi wetu.

Desemba, kwenda kuhesabiwa

Watu wanadhani hatari yote iko Julai. Mimi mashambulio yangu mabaya mawili yalikuja Desemba, nikiwa nimepanda nyumbani na ukoo mzima kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotutania sisi Wachagga.

Fikiria mtu ametoka Dar, usawa wa bahari, joto la kulala bila shuka. Usiku wa kwanza yuko juu Kibosho. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu Pasaka, inafagiliwa jioni hiyohiyo na vumbi linaning'inia kwenye mwanga wa balbu. Mablanketi yanatolewa sandukuni, yana wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho. Jikoni kuni mbichi zinatoa moshi, na kwa kuwa huko ndiko kwenye stori na mtori, wote wamejazana huko. Watoto kumi na wanane wametoka mikoa sita, kila mmoja na kirusi cha shule yake. Kesho kuna ubatizo, keshokutwa harusi, mikono mia mbili ya kushikana. Na ile pampu ya uvimbe imebaki Dar juu ya kabati, maana mtu alikuwa anajisikia vizuri wiki zote mbili za kufungasha.

Ukitaka kumbana mwenye pumu kwa makusudi, sijui ungeongeza nini hapo.

Sasa tunafanya tofauti. Anayeishi karibu anatangulia siku mbili kabla, anafungua madirisha, anaanika mablanketi juani na kufagia kwa kunyunyiza maji. Mwenye pumu hafagii wala hafungui sanduku. Mama alinunua jiko la gesi baada ya ubishi wa miaka miwili. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama hakuusubiri, alisubiri nilazwe. Ndizi za nyama ya sherehe bado zinapikwa kwa kuni, nje, na mimi nakaa upande ambao upepo unatoka. Moshi hauishii kukera pumu tu. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vinavyofanya kazi ya ufagio, vinasukuma makamasi na uchafu kwenda juu. Moshi unavilemaza, na virusi vikija vinakuta mfagiaji yuko likizo. Sigara inafanya hivyohivyo, hata ikiwa ya mjomba aliyekaa mlangoni.

Shule nazo. Canada na Uingereza wamezoea kuona watoto wa pumu wakijaa hospitali kila Septemba, wiki chache baada ya shule kufunguliwa, kwa sababu watoto wanabadilishana virusi upya. Za kwetu zinafunguliwa Januari, halafu Julai, katikati ya baridi. Kilimanjaro ni mkoa wa mabweni. Nilisoma bweni mahali ambapo pampu yangu ilifungiwa kwenye kabati la matroni, na ufunguo ulienda nyumbani na matroni. Usiku mmoja wa kidato cha pili nilikaa dirishani mpaka alfajiri. Mzazi unayempeleka mtoto, zungumza na shule uso kwa uso: pampu ya bluu inakaa na mtoto mwenyewe, mfukoni, na mwalimu wa zamu anajua namna ya kumsaidia.

Kumchelewesha mgeni

Virusi vya mafua vinasafiri kwa matone na kwa mikono. Mtu anafuta pua, anakusalimia, wewe unajikuna jicho, kazi imekwisha. Sabuni na maji bado ni kinga ya bei rahisi kuliko zote, ingawa zile ndoo za koki tulizoweka kila mlango mwaka 2020 nyingi sasa zinahifadhi mahindi. Barakoa haipunguzi oksijeni ya mwenye pumu. Mimi naivaa msibani ukumbini, kwenye daladala msimu wa baridi, na ninapopita mitumba ya Kiboriloni wakifungua marobota, kwa sababu ya vumbi. Ukiwa na mafua wewe mwenyewe na unakwenda kumwona mwenye pumu, piga simu badala yake. Sisi hatununi.

Chanjo zinachanganya watu kwa sababu hakuna chanjo ya pumu na hakuna ya mafua ya kawaida. Ipo ya influenza, inayochomwa kila mwaka kwa vile kirusi chake kinajibadilisha, na inahitaji kama wiki mbili kuanza kukulinda. Haileti influenza, kirusi kilicho kwenye sindano kimeuawa. Kwa watu wazima haimo kwenye chanjo zetu za kawaida za kliniki, iulizie hospitali kubwa na baadhi ya za binafsi. Kwa mtoto, zile za kliniki za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinabeba kinga dhidi ya vijidudu viwili vikubwa vya nimonia. Usiziruke kwa sababu ana mafua madogo, muulize nesi kwanza.

Mafua yakishaingia

Siku ya kwanza ni pua. Ya pili na ya tatu ndizo za kuangalia, hapo ndipo yanapojaribu kushuka. Dawa ya uvimbe usiiache hata siku moja. Kuna wagonjwa ambao daktari amewaandikia kuongeza kipimo mafua yakianza. Kama hujaandikiwa, omba karatasi hiyo kwenye kliniki ukiwa mzima, iwe na mistari michache tu: nikiwa sawa, nikianza kukohoa usiku, nikibanwa. Kukohoa usiku ndiyo kengele ya kwanza kwa wengi wetu, hata kabla ya mluzi.

Akibanwa, akae wima, asilazwe. Mipuliko minne ya pampu ya bluu kupitia chupa, mmojammoja, kila mpuliko apumue mara nne hadi sita. Subiri dakika nne. Kama hajapata nafuu, rudia minne na muanze safari, huku mkiendelea kurudia njiani. Usisubiri chochote kama hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, ngozi katikati ya mbavu inazama akivuta, midomo inabadilika rangi, au mtoto anaanza kusinzia. Na kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, usifurahi. Hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti.

Aliye mjini, karibu na hospitali za Mawenzi, KCMC au Mount Meru, ana dakika za kuchezea kidogo. Aliye juu Rombo au Uru saa nane ya usiku hana. Bodaboda ndiyo ya kwanza kupatikana, lakini inampiga upepo wa baridi usoni njia nzima, kwa hiyo akipanda, akae nyuma ya mgongo wa mwingine na skafu puani. Wa mlimani aanze safari kwenye mipuliko minne ya kwanza, asingoje ya pili. Kwetu namba ya jirani mwenye gari la Noah imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, juu ya lile jiko la gesi, tarakimu kubwa zinazosomeka hata kwa tochi ya simu.